Nani mkali wa Testi? Hesabu wiketi 20, halafu uliza zimepatikana wapi

Swali: "Kocha, salamu kutoka Ngara. Kila Jumapili jioni, mechi za ligi zikiisha, huwa tunakaa na wenzangu na ubishi ni uleule: timu gani ya kriketi ya Testi, ile ya siku tano, ndiyo bora duniani? Wawili ni India damu, hawasikii la muadhini wala la mteka maji msikitini. Mmoja ni Australia. Mimi nimesimama na Afrika Kusini tangu wachukue ubingwa wa dunia pale Lord's, London, nao wananiambia ule ubingwa ni wa bahati ya ratiba. Halafu kuna mjomba wangu, mzee wa Gymkhana wa enzi hizo, anatucheka sote na kusema hakuna timu iliyofika hata magotini mwa West Indies ya akina Marshall. Tupimeje? Na ile Kenya yetu ya 2003 ingeweza Testi kweli?"

Jibu: Ndugu yangu, nianze na msimamo wangu ili usome ukijua nimeegemea wapi. Kwa mwaka 2025 uko upande wenye haki, na wenzako wana hoja moja tu ya maana dhidi yako, ambayo nitaifikia. Mjomba naye asidharauliwe. Tatizo la ubishi wenu, na nimeusikia katika karibu kila klabu ya Nairobi, ni kwamba mnahesabu wapigaji. Mtu anaanza na Kohli wa India, mwingine anamjibu na Smith wa Australia, wa tatu anamleta Root wa England na mikimbio yake, yaani pointi zake, zaidi ya 13,000, na mpaka giza linaingia hakuna aliyetaja mrushaji hata mmoja. Hapo mnabishana juu ya nani anapendeza kutazamwa. Nani anashinda ni habari nyingine.

Katika kriketi ya ova 50 au ova 20 (ova moja ni mipira sita) unaweza kushinda bila kumtoa mtu hata mmoja. Ova zikiisha mechi imeisha, na mwenye mikimbio mingi anaondoka na ushindi. Testi haina huruma hiyo. Ina siku tano, ova 90 kwa siku, inningi mbili, yaani zamu mbili za kupiga, kila upande, na ukitaka kushinda karibu kila mara itakubidi uwang'oe wapinzani mara mbili. Kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja, na inningi huisha wakitolewa kumi; kwa hiyo hizo ni wiketi 20. Ukipiga mikimbio 800 na warushaji wako wakashindwa kumaliza kazi, unaondoka na sare na jua limekuchoma bure. Kwa hiyo mtu akikuambia timu yake ni bora, muulize kwanza: wiketi 20 anazitoa nani?

Chukua Pakistan ya 2024, maana ndani ya miezi mitatu ilionyesha jambo hili kwa pande zake zote. Mwezi wa nane walicheza na Bangladesh pale Rawalpindi. Wakapiga 448 kwa wiketi 6, yaani watu sita tu wametolewa, wakafunga inningi kwa hiari yao, wakaona wamemaliza. Hawakuwa wameteua hata mrushaji mmoja aliyebobea wa spini, yaani wa kuuzungusha mpira ugeuke unapodunda. Bangladesh, ambayo haikuwa imewahi kuifunga Pakistan katika Testi tangu ianze kucheza mwaka 2000, ikawashinda kwa wiketi 10, yaani ilifikia lengo bila mpigaji wake hata mmoja kutolewa, halafu ikashinda na mechi ya pili. Mwezi wa kumi wakaja Waingereza, Multan. Pakistan ikapiga 556, na 556 katika inningi ya kwanza si mikimbio ya kuchezea. England ikajibu kwa 823 kwa wiketi 7, Harry Brook akiwa na 317 na Joe Root 262. Pakistan ikapoteza kwa inningi nzima na mikimbio 47, yaani inningi zake mbili kwa jumla hazikuifikia moja ya England. Katika historia yote ya Testi, tangu ile ya kwanza ya Melbourne mwaka 1877, hakuna timu nyingine iliyokuwa imepita 500 katika inningi yake ya kwanza halafu ikapoteza kwa inningi.

Sasa tazama walichofanya baada ya hapo. Walimwacha nje Babar Azam, mpigaji mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwao, na warushaji wao wa kasi Shaheen na Naseem pia. Mechi ya pili wakaichezesha Multan palepale, juu ya pichi ileile iliyokuwa tayari imekanyagwa siku tano. Pichi, kwa mgeni katika mchezo huu, ni ule ukanda wa yadi 22 katikati ya uwanja ambapo mpira hudunda. Wakaweka feni kubwa kandokando yake ikauke na kupasuka. Halafu wakawapa mpira watu wawili wa spini, Sajid Khan na Noman Ali. Hao wawili waling'oa wiketi zote 20. Wakahamia Rawalpindi, feni zikaja tena, na kule wakang'oa 19 kati ya 20. Pakistan, iliyokuwa haijashinda Testi hata moja nyumbani tangu mwanzoni mwa 2021, ikachukua mfululizo 2-1. Nyota wao wa kupiga alikuwa nyumbani akitazama kwenye televisheni kama wewe na mimi.

Mwenzako wa Australia atasema hiyo ni hila. Ni hila, na sheria inairuhusu; kila mwenyeji huandaa pichi inayompendeza, tofauti ni nani anaona haya kukiri. Ila hapo ndipo linapoingia swali la pili: wiketi zimepatikana wapi? Pakistan hiyohiyo, mwezi wa kumi na mbili, ilikwenda Afrika Kusini na kurudi na 0-2. Nyumbani simba, ugenini paka. Na karibu timu zote za Testi ziko hivyo kwa kiasi fulani. Bora kabisa ni ile ambayo haiko hivyo sana.

Sababu si hofu ya mashabiki wala chakula cha hoteli. Ni vitu vinavyoshikika mkononi. Anza na mpira wenyewe. Uingereza na West Indies hutumia Dukes, ambao umeshonwa kwa mkono. Mshono wake hukaa umeinuka kwa muda mrefu, na mpira unapinda hewani hata ova ya 40. Australia, Afrika Kusini, New Zealand, Pakistan na Sri Lanka hutumia Kookaburra, ambao sehemu kubwa ya nyuzi zake imeshonwa kwa mashine. Huo huuma sana ukiwa mpya, kisha mshono unalala, na hapo mrushaji anayetegemea kupinda anabaki anatupa mawe tu mpaka ova ya 80 anapopewa mpira mwingine. Anayefanikiwa na Kookaburra uliochakaa ni mrefu anayedundisha mpira ukamfika mtu kifuani, au mwenye kasi kupindukia, au mwenye subira ya kurusha palepale siku nzima. India hutumia SG, wenye mshono mnene ambao vidole vya mtu wa spini vinaushika vizuri. Ongeza udongo. Perth mpira unaruka hadi shingoni. Galle unageuka tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mrushaji mmoja anaweza kuwa mfalme Nottingham na mtu wa kawaida kabisa Adelaide, mkono ni uleule na akili ni ileile. James Anderson, mwenye wiketi 704, alipata nyingi zaidi nyumbani kuliko ugenini, na hilo halimpunguzii heshima. Linakuonyesha tu jinsi vifaa vilivyo na nguvu.

Twende kwa timu zenyewe. Nitakaa zaidi pale penye mambo.

India kwanza, maana wako wawili na wana kelele. Kwa zaidi ya miaka kumi, tangu mwanzoni mwa 2013, India haikupoteza mfululizo wowote nyumbani. Ilishinda 18 mfululizo, rekodi ambayo hakuna nchi nyingine imeifikia. Halafu mwezi wa kumi 2024 New Zealand ikaja. Bengaluru, chini ya mawingu, India iling'olewa yote kwa mikimbio 46. Pune, juu ya pichi iliyoandaliwa kwa ajili ya spini ya wenyeji, Mitchell Santner wa New Zealand akachukua wiketi 13. Mumbai, Ajaz Patel, ambaye alizaliwa mji huohuo, akachukua 11. Ikawa 3-0. Mwaka mmoja baadaye Afrika Kusini ikaenda na kushinda 2-0. Hii ni mara mbili, na mara mbili si ajali. Wapigaji wa India wa kizazi hiki hawaichezi spini kama baba zao walivyoicheza, na pichi wanayowachimbia wageni inawameza wenyewe.

Ugenini, kwa upande mwingine, India inastahili heshima kuliko inavyopewa. Imeshinda mifululizo miwili Australia, 2018-19 na 2020-21, na huo wa pili ndio ningewaambia wenzako wautaje badala ya kupoteza muda na Kohli. Waling'olewa kwa 36 Adelaide. Nahodha akarudi nyumbani kwa uzazi wa mkewe. Warushaji wakaumia mmoja baada ya mwingine mpaka kufika Brisbane, Januari 2021, walikuwa wakirusha vijana wawili wanaocheza Testi yao ya kwanza kabisa, na kiongozi wa kasi akiwa Mohammed Siraj katika mechi yake ya tatu. Australia haikuwa imepoteza pale Gabba, uwanja wa Brisbane, tangu 1988. India ikafukuza lengo la mikimbio 328 na kushinda kwa wiketi 3.

Hapo kuna kipimo changu cha tatu, na ndicho ninachokipenda: mwondoe nyota, uone kinachobaki. Jasprit Bumrah alikuwa mrushaji wa kwanza kufikisha wiketi 200 za Testi akiwa na wastani wa chini ya mikimbio 20 kwa kila wiketi. Australia mwaka 2024-25 alichukua wiketi 32 katika mechi tano, na bado India ikapoteza 3-1. Mechi ya mwisho Sydney, mgongo ukamkamata, akashindwa kurusha katika inningi ya mwisho, na Australia ikafukuza 162 bila kutoka jasho jingi. Ukiishia hapo utasema India ni mtu mmoja. Lakini majira ya joto yaliyofuata, Uingereza, Bumrah alicheza mechi tatu kati ya tano, na mbili alizokosa ndizo India ilizoshinda: Edgbaston, Akash Deep akichukua wiketi 10, na The Oval kwa mikimbio 6 tu, Siraj akimalizia asubuhi ya siku ya tano. Mfululizo ukaisha 2-2. Kwa hiyo hata kipimo hiki kinataka mechi nyingi kabla hujatoa hukumu.

Australia. Cummins, Starc, Hazlewood na Lyon: kila mmoja wa warushaji hao wanne ana wiketi zaidi ya 250, na ni vigumu kukumbuka lini timu moja iliwahi kupanga wanne wa namna hiyo siku moja. Mgonjwa akitokea anaingia Scott Boland, ambaye katika Testi yake ya kwanza, Melbourne 2021, alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 7 tu aliyopigwa. Walishinda ubingwa wa dunia wa 2023 kwa kuifunga India pale The Oval. Dosari zao ni mbili. Hawajashinda mfululizo India tangu 2004, na hao wanne wote wameshapita miaka 30.

Kuna jambo la Nairobi hapa ambalo nadhani linapotosha mizani zenu bila nyinyi kujua. Testi ya India inaanza saa moja asubuhi kwa saa zetu, ya Afrika Kusini saa tano, ya Uingereza saa saba mchana. Ya Melbourne inaanza saa nane na nusu usiku. Kwa hiyo wengi wetu tunaijua Australia ya nyumbani kwa vipande vya dakika kumi tunavyotazama ndani ya matatu asubuhi, na vipande hivyo huonyesha wiketi zikianguka na mipira ikivuka kamba. Havionyeshi zile ova 35 za katikati ambapo Lyon anarusha upande mmoja bila kutoa kitu na Cummins anambana mtu upande wa pili mpaka akili imruke. Testi inaamuliwa pale. Mwenzako wa Australia, kama huwa anakesha, anaona mambo ambayo nyinyi watatu hamyaoni.

England wanaburudisha. Tangu 2022 chini ya nahodha Stokes na kocha McCullum wanapiga kama wamechelewa gari la mwisho. Siku moja Rawalpindi walifikisha 506 kabla ya jua kuzama. Lakini hawajashinda mfululizo Australia tangu 2010-11, wala hawajaibeba Ashes, kombe la mfululizo wao na Australia, popote tangu 2015. New Zealand, nchi ya watu kama milioni tano, ilichukua ubingwa wa kwanza mwaka 2021 na ile 3-0 ya India, na hata hivyo kila ubishi unawasahau. Sri Lanka ni hatari Galle, basi. West Indies ya leo inatia huruma: Julai 2025, Kingston, iling'olewa kwa mikimbio 27.

Sasa Afrika Kusini yako, na ile hoja ya wenzako. Wanachosema ni kweli: katika mzunguko wa ubingwa wa 2023 hadi 2025 ratiba haikuwapangia Australia wala England, mifululizo yao yote ilikuwa ya mechi mbili mbili, na Februari 2024 walipeleka New Zealand kikosi cha akiba kwa sababu wachezaji wao wakuu walikuwa kwenye ligi ya ova 20 nyumbani. Walipoteza zote mbili kule. Mtu anaweza kuuliza kwa haki bingwa wa namna hiyo alipitia mlango gani.

Jibu lako liko katika mechi tatu zilizofuata dhidi ya wakubwa. Fainali ya Lord's, Juni 2025: Australia na warushaji wake wote wanne. Siku ya kwanza wiketi 14 zilianguka. Afrika Kusini iling'olewa kwa 138, Cummins akichukua 6 kwa 28, na mtu yeyote aliyewajua aliona hadithi ya zamani inajirudia, maana kombe lao la mwisho la ICC, shirika la kriketi duniani, lilikuwa la 1998. Mrushaji wao wa kasi Kagiso Rabada akawarudisha, jumla alichukua wiketi 9. Wakabaki na 282 za kufukuza. Nahodha Temba Bavuma akachanika msuli wa paja mapema katika inningi yake, na badala ya kutoka akaendelea, anakimbia kwa kuchechemea, mwenzake Aiden Markram akipima kila mkimbio kwa miguu ya nahodha wake. Wakaongeza 147 pamoja. Markram alimaliza na 136. Ukitaka kuwanyamazisha wenzako, usitaje kombe, taja kwamba inningi ya nne ya 282 ilifukuzwa mbele ya Cummins, Starc, Hazlewood na Lyon, na wiketi tano zikabaki.

Halafu India, Novemba 2025. Kolkata, pichi mbaya kabisa, India inahitaji 124 tu na inang'olewa kwa 93. Guwahati, ushindi wa mikimbio 408. Simon Harmer, mtu wa spini aliyekaa miaka mingi akichezea Essex kule Uingereza huku akionekana amesahaulika kwao, akachukua wiketi 17 katika mechi hizo mbili, na Marco Jansen akawamaliza kwa mipira ya kuruka juu ya pichi ambayo wenyeji walidhani haina uhai. Afrika Kusini haikuwa imeshinda mfululizo India tangu 2000. Na Rabada hakucheza hata mechi moja kati ya hizo, alikuwa majeruhi. Wenyeji waling'olewa mara mbili katika kila mechi, ugenini, bila nyota. Vipimo vyangu vyote vitatu vimejibiwa katika wiki mbili, ndiyo maana nimekuwa upande wako.

Majedwali yasiwasumbue sana. Orodha ya viwango ya ICC haitofautishi ushindi wa nyumbani na wa ugenini, na matokeo ya zamani huhesabiwa nusu. Jedwali la ubingwa linatoa pointi 12 kwa ushindi na 4 kwa sare, kisha linakata asilimia, kwa sababu timu hazichezi mechi sawa: India, Australia na England huchezana mechi tano tano zenye pesa, wengine wanagawana makombo. Zimbabwe, Ireland na Afghanistan hazimo kabisa kati ya tisa zilizoshindania ubingwa hadi 2025. Majedwali hayo yanafaa kujua nani anakwenda fainali. Mwenye kutaka kujua nani ana nguvu afungue kadi za mechi zenyewe.

Sasa mjomba. Kuanzia katikati ya 1980 hadi 1995 West Indies haikupoteza mfululizo hata mmoja wa Testi. Miaka kumi na mitano! Mtoto aliyezaliwa walipoanza alikuwa kidato cha pili walipofungwa. Malcolm Marshall alikuwa na wiketi 376, Joel Garner 259, Curtly Ambrose 405, na wote watatu wana wastani wa chini ya 21. Hakuna timu nyingine iliyowahi kuwa na foleni ya namna hiyo, mmoja akistaafu mwingine anavua sweta. Mwambie mjomba asitaje ile 5-0 ya Uingereza ya 1984 kwanza, kila mtu anaijua. Ataje ziara ya India ya 1983-84, ambako pichi zilikuwa za spini na bado Marshall akachukua wiketi 33 na wakashinda 3-0. Na kama ana muda aeleze Headingley 1984. Marshall alivunjika kidole gumba cha kushoto, akaingia kupiga kwa mkono mmoja ili Larry Gomes afikishe senchuri yake, yaani mikimbio 100, halafu akarudi na plasta mkononi akachukua wiketi 7 kwa 53.

Ila na yeye ajibiwe kidogo. Mara tatu, 1986, 1988 na 1990, Pakistan iliwashikilia 1-1. Faisalabad, 1986, Abdul Qadir aliwazungusha kwa spini wakang'olewa kwa 53. Na Australia ya McGrath na Warne, iliyoshinda Testi 16 mfululizo mara mbili, ilikuwa na kitu ambacho West Indies haikuwa nacho: mrushaji wa spini wa kumalizia siku ya tano, na mpigaji Gilchrist anayeingia nambari saba kufanya vurugu. Ukinibana nichague moja, nachagua ya mjomba, kwa sababu iliweza kukutoa kwenye udongo wowote na Australia ilipoteza India 2001. Lakini sitagombana na mtu mwenye mawazo tofauti.

Kuhusu Kenya. Najua jibu mnalolitaka. Timu iliyoifunga West Indies Pune mwaka 1996, ikiwang'oa kwa 93 Odumbe akichukua 3 kwa 15. Iliyoifunga Sri Lanka hapahapa Gymkhana Februari 2003, Collins Obuya akichukua 5 kwa 24. Iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ingawa tukumbuke New Zealand ilikataa kuja Nairobi na tukapewa pointi. Hizo zote ni za ova 50. Ova 50 zinakuruhusu kuficha udhaifu: mrushaji wako wa tano anajificha kwa ova kumi za kubanabana na siku inapita. Katika Testi hajifichi. Kikosi kile kilikuwa na Steve Tikolo, ambaye kwa maoni yangu angepiga Testi kwa timu nyingi, na kilikuwa na spini ya kutosha kusumbua watu Nairobi. Wiketi 20 Perth, au hata Colombo, zingetolewa na nani? Martin Suji na Thomas Odoyo walikuwa wazuri mno kwa mpira mpya, na baada ya wao hakukuwa na mtu. Nyuma yao hakukuwa na ligi ya mechi za siku tatu au nne ya kuwapika wengine. Vijana wetu walikuwa wakicheza wikendi, ova 50, Jumatatu kazini. Bangladesh, yenye watu wengi na mapenzi makubwa kuliko sisi, ilipewa Testi mwaka 2000 na ilisubiri mpaka Januari 2005 kushinda ya kwanza. Sisi tungesubiri zaidi.

Na kuna kijana wenu mmoja, simjui lakini lazima yupo, atakayesema Afridi wa Pakistan alipiga senchuri ya mipira 37 pale Gymkhana mwaka 1996 kwa hiyo uwanja wetu ni wa kimataifa. Ni wa kimataifa, sawa. Nairobi pia iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na mpira unasafiri. Ile ilikuwa ova 50, mshike hapohapo.

Kwa ratiba iliyopangwa, Australia inakwenda Afrika Kusini mwishoni mwa 2026 na India mwanzoni mwa 2027, Testi tano. Ziara hizo mbili ndizo ningezipigia mstari kwenye kalenda. Za Afrika Kusini zitaanza saa tano asubuhi, hakuna haja ya kukesha, na mkizitazama mwambieni kila mmoja ashike kalamu na kuandika jambo moja tu: kati ya ova ya 30 na ya 80, mpira ukiwa umechoka, nani alikuwa bado anatoa wiketi.